Hodi Katika Jumba la Mwana wa Mfalme

Tangu nirudi mmekuwa mkinisimamisha njiani na mifuko yangu ya sokoni mkononi: haya, ilikuwaje? Kila mmoja nimempa kipande, na vipande mmekwisha kuvichanganya, hata Fatuma anasimulia kwamba nilizungumza na maiti. Sikuzungumza na maiti. Nimeona niandike yote mara moja, mpokezane daftari, mniache nipumzike. Habari za viza na tiketi simo. Anayezitaka akasimame foleni mwenyewe.

Mnajua nilienda China kununua sufuria na masinia, kama kawaida. Lakini safari hii nilikuwa na jambo jingine kwenye mkoba, na jambo hilo lilikuwa la mama.

Baba yangu, Saidi, alikwenda kufanya kazi kwenye reli ya Zambia nilipokuwa na miaka saba, na hakurudi. Mlima uliporomoka kule kwenye mahandaki. Barua iliyokuja ilisema amezikwa kwa heshima zote. Mama kwa miaka ishirini na sita aliuliza swali moja tu: "Heshima za nani?" Maana wapo watu waliomwambia, kwa nia njema au mbaya Mungu anajua, kwamba waliokufa mlimani walisukumwa na tingatinga shimo moja, hakuna sanda, hakuna kibla. Tulikwenda mara moja kulitafuta kaburi, tukakuta pori. Kisha zikaja mvua za El Nino zikauteremsha mlima wenyewe. Sasa macho ya mama yameingia ukungu, na anasema hamwogopi Izraili, anaogopa kukutana na mumewe na kumkuta amelala kifudifudi.

Kilichobaki ni picha. Baba yuko mbele ya handaki, pembeni yake Mchina mwembamba ameshika kifaa cha kupimia ardhi, na nyuma kuna maandishi ya Kichina. Nikaitia mkobani. Mama akanifungia visheti kwenye bati la biskuti. "Ukimpata," akasema, "usiende mikono mitupu."

Dar hadi Hong Kong

Dubai tulikaa saa kumi na moja kwa sababu ndege ilikuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Nililala chini kwenye zulia, bati la visheti chini ya kichwa. Mama mmoja wa Mombasa, naye anafuata mali, aliniuliza kuna nini humo hata nalilalia. Nikamwambia ni vya mzee mmoja. "Mzee gani?" Nikasema simjui, wala sijui kama yuko hai. Alinitazama, kisha akahamisha mizigo yake taratibu hadi safu nyingine.

Hong Kong sikuiona. Niliona uwanja mpya unaong'aa na kituo cha treni. Ndani ya treni ya kwenda Guangzhou jirani yangu alikuwa bibi mwenye meno ya dhahabu ambaye alifungua karatasi na kunikaribisha miguu ya kuku, kucha na yote. Nikatikisa kichwa. Akadhani naona haya, akaniwekea mguu mmoja mapajani. Tulifika hivyo, mimi na mguu wangu.

Xiaobei, na kosa la kaskazini

Mwenyeji wangu Guangzhou alikuwa Othmani, Mzanzibari mwenye chumba cha ofisi katika jengo la Tianxiu, mtaa wa Xiaobei, mtu wa kupakia makontena. Sisi huko bado wachache; ukisikia Kiswahili kwenye lifti unajua jina la msemaji. Alinipangia hoteli jirani na akanionyesha mgahawa wa Waislamu wa Kichina, wanaovuta tambi kwa mikono kama wasokota kamba. Nilikula hapo asubuhi, mchana na jioni. Uji wa mchele wa mahali pengine niliuogopa, kwa sababu kila nilipouliza kama una nguruwe walinijibu kwa furaha kwamba yumo.

Siku ya tatu Othmani alinikuta ninakunja mkeka wa kusalia.

"Bibie, ulikuwa unaelekea wapi?"

"Kaskazini. Nilimuuliza yule wa mapokezi, akanichorea mshale."

Alicheka hadi akashika ukuta. "Kaskazini ni kwetu, Zainabu. Kwetu Makka iko juu. Huku umeshaipita, iko magharibi. Siku tatu unausalia mlima."

Nilikasirika, zaidi kwa vile alikuwa na haki. Tangu utotoni nimekua nikijua kwamba kibla na kaskazini ni kitu kimoja, na haikunipitia akilini kwamba kibla kinaweza kuhama. Sisi husema msafiri kafiri, lakini mimi nilikuwa nimejitahidi.

"Usijali," akasema. "Aliyekosea kwa kutojua, Mungu anapokea."

Mlikumbuke kosa hilo.

Othmani alikuwa na mkalimani, Mama Chen, mwanamke wa makamo aliyewahi kupika kwenye kambi za Wachina huku Afrika na kubaki na Kiswahili cha bei na mboga. Nikampa ile picha. Aliisoma nyuma: jina, Liang, mpima ardhi, na namba ya kikosi. Siku nne alipiga simu hapa na pale, na kila nilipoingia ofisini alinitikisia kichwa, "Mei yo," yaani hakuna. Siku ya tano hakutikisa kichwa.

"Mzee iko," akasema. "Hai. Lakini kichwa yake mbaya. Pata kiharusi, Kichina yote kimbia. Sasa ongea na watu ya kufa. Muuguzi sema, kila siku, lugha ya mashetani."

"Anakaa wapi?"

"Nyumba ya askari wazee. Zamani nyumba ya mtoto ya mfalme."

Basi la kufuata mto

Tulitoka saa mbili asubuhi kwa basi la upande wa Huangpu. Ilikuwa yale majuma ya mwanzo wa masika ya kwao ambapo kuta zinatoka jasho. Sisemi kwa mfano. Unyevu unapanda kutoka baharini na kila kitu kigumu kinalowa: sakafu, vioo, ngazi. Nguo hazikauki, na sauti za watu zinafika zimechelewa kidogo.

Basi liliharibika nusu ya njia. Dereva alishuka, akavuta sigara mbili, akaliangalia tairi ambalo halikuwa na kosa lolote. Mama Chen alitumia muda huo kunieleza jumba. Alilijenga mwana wa mfalme aliyeletwa kutawala upande huu, akafa vibaya. Baadaye wakalikalia wageni wa Ulaya, wale walioleta kasumba, yaani afyuni, na mizinga. Serikali ilipolichukua, upande mmoja ikawapa askari wazee wasio na watoto, na upande wa pili ikaweka makumbusho ya ubaya wa wageni. Kiingilio kinasaidia chakula cha wazee, na wazee wenyewe ndio wanaolinda vyumba.

"Watu ya hapa napita mbio," akasema. "Wewe ogopa?"

Nikamwambia mimi nilizaliwa Kariakoo.

Jumbani

Lango lilikuwa jekundu, rangi imevimba kwa maji. Uani hapakuwa na mtu. Mama Chen aliingia kijumba cha ofisi kuonyesha barua zake, na mara nikasikia sauti zinapanda, mei yo, mei yo, nikajua itachukua muda. Akatoa kichwa: "Wewe nenda tazama makumbusho. Mimi piga kelele kwanza."

Nikaingia. Chumba cha kwanza kilikuwa na mizinga. Cha pili kilikuwa na watu.

Walikuwa wa plasta, wakubwa kama sisi: wafanyabiashara wa Kizungu wamekaa mezani na vikombe, makarani wa Kichina wameinama, mwanamke kapiga magoti. Umeme ulikuwa hafifu na jasho la ukuta lilikuwa limewapata na wao. Maji yaliwatiririka kutoka kwenye nywele hadi kidevuni, yakadondoka sakafuni, tone, kisha kimya, kisha tone. Na nyuma ya Mzungu mnene, ameshika mwavuli, alisimama mtu mweusi. Mtumishi. Macho yake yalipakwa rangi kuangalia mlangoni, yaani kuniangalia mimi. Nilisimama nikamtazama. Hakuna aliyenieleza huyu alitoka pwani gani na nani alimngoja. Nilimsalimu kimoyomoyo, nikapita.

Pembeni alikaa mzee kwenye kiti, kofia ya askari kichwani, naye ana maji usoni. Plasta, nikasema, na nzuri kuliko zote. Nikainama kutazama vifungo vyake. Akakohoa.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nilirudi nyuma nikapiga meza ya Wazungu, kikombe kikaanguka. Mzee alinitazama mimi, akamtazama yule wa mwavuli, akanitazama mimi tena, kana kwamba anahesabu. Mimi nikatoka kwa mlango ulio karibu, na huo haukuwa mlango nilioingilia.

Hapo umeme ukakatika.

Nilikuwa kwenye ukumbi mrefu, mwembamba, milango imefungwa kulia na kushoto. Mwanga ulitoka dirisha moja la mwisho. Nilimwita Mama Chen, sauti ikarudi imelowa. Nilisikia kikohozi mbele, au nyuma, na mtu akinong'ona peke yake nyuma ya ukuta, maneno siyafahamu. Niseme kweli, niliogopa kama mtoto.

Sasa, Mswahili akiwa kwenye nyumba ya watu na hajui aende wapi, hafungui milango. Kinywa changu kilifanya kazi bila mimi.

"Hodi."

Ile minong'ono ikakatika.

"Hodi."

Tone la maji mahali fulani. Mnajua adabu yenyewe: mara tatu, usipojibiwa unageuka. Nilishageuza mguu.

"Hodi."

"Kalibu," ikasema sauti nyuma ya mlango wa kushoto. "Mlango hauna meno."

Lazima niwaeleze, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilikaa chini sakafuni kwenye maji. Baba alikuwa na jibu lake la hodi. Kila mtu anasema karibu, yeye alisema, "Karibu, mlango hauna meno." Mwaka alioondoka mimi nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele, na alikuwa akikionyesha kinywa changu kwa kidole, ati mlango wangu huo hapo. Ilipokuja ile barua, mama aliyapiga marufuku maneno hayo nyumbani. Miaka ishirini na sita sikuyasikia kwa mtu. Na sasa nayasikia Guangzhou, nyuma ya ubao, na ingawa ra ilikuwa la, ule mvuto wa maneno ulikuwa wa baba.

Niliinuka. Nilimwomba Mungu anijaalie kukuta mtu hai. Nikasukuma.

Chumba cha mpima ardhi

Alikuwa hai. Mzee mwembamba, amekaa kwenye kitanda, na kitanda kimewekwa mshazari katikati ya chumba kama kilichosukumwa na maji. Alinitazama kidogo, kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni.

"Saidi nje?"

Sikugeuka. Nilisema neno pekee lililokuja.

"Shikamoo, mzee."

"Malahaba. Saidi nje? Yeye chelewa. Kibula iko. Sema yeye, kibula iko."

Lugha ya mashetani. Muuguzi wa watu, alikuwa akisikiliza Kiswahili cha reli.

"Mimi mtoto wa Saidi," nikasema.

Akafikiri, akatikisa kichwa. "Mtoto ya Saidi meno hapana."

Nikafungua kinywa nikamwonyesha. "Yameota, mzee."

Alisogeza uso karibu, akayakagua, akaridhika. Nikampa bati. Alikula kisheti cha kwanza amefumba macho, na mimi nikakaa kwenye ncha ya kitanda, nikauliza nililotumwa. Neno kuzika hakulijua. Nikasema, "Saidi alipolala, kule mlimani. Alilala vipi? Kibla?"

"Eee!" Uso ukamfunguka. "Kibula, mimi napa yeye. Saidi lala, mimi napa yeye kibula."

Nililia hapo hapo, bila aibu, kamasi na yote. Nilishamwona mama anavyopokea maneno hayo. Amepewa kibla, nini tena?

Mzee akavuta mtoto wa meza, akatoa mfuko mdogo wa ngozi, wa duara, wenye kifungo. Ulikuwa mtupu. Akanionyesha utupu wake, akanionyesha chini, ardhini. "Kibula ndani. Na Saidi."

Ilinichukua muda. Ule ulikuwa mfuko wa dira. Bila shaka kila alfajiri kambini baba alikuwa akija hemani kwake, hodi, kibla kiko wapi, na Liang alikuwa akimtolea dira. Kwa hiyo Liang alijifunza kwamba kile kidude chenye sindano, kwa Kiswahili, kinaitwa kibla. Alimzika baba yangu na dira. Basi. Kama wanavyomzika mtu na saa yake.

Machozi yalikauka na hasira ikaja. Nilitaka kumtikisa. Nimevuka bahari, nimelala kwenye mazulia, nimebebeshwa mguu wa kuku, ili nimpelekee mama habari kwamba mumewe alisukumwa shimoni na chombo cha shaba mfukoni? Nilisimama dirishani nikampa mgongo.

Hapo ndipo Mama Chen alipofika, ameshinda ugomvi wa ofisini, pamoja na muuguzi mwanamke mwenye ufunguo mkubwa. Muuguzi alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda, akaanza kukinyoosha kifuate ukuta. Mzee akapiga kelele.

"Kuna nini?" nikamuuliza Mama Chen.

"Muuguzi sema, kila siku yeye weka sawa, kila siku mzee sukuma tena. Mchana mzee lala hivyo hivyo, upande moja, tazama pale, haitingishiki. Wote hapa ogopa. Sema yeye fanya mazoezi ya kufa."

Mzee alikuwa amekwisha kukirudisha kitanda. Akanivuta mkono, kama mtu anayemfundisha mtoto mzito, akalala. Alilalia ubavu wa kulia. Mkono wa kulia akauweka chini ya shavu. Akanyoosha miguu, akatulia kabisa, na pale kwenye mwanga wa dirisha sikuona kifua kinapanda. Muuguzi alitazama kando.

"Saidi lala hivi," akasema, macho amefumba. "Saidi sema mimi zamani: mimi kufa, weka hivi. Shuka ya mimi, nyeupe, mbili. Tingatinga kuja, mimi fukuza. Mimi weka kwa mkono." Kidole kikanyooka taratibu, kikaelekea ukutani mbele ya uso wake. "Kibula sema hivi, uso hivi. Mimi pima."

Mpima ardhi hasahau. Upande ule wa jumba ulijengwa kufuata mto, haukufuata dira, ndiyo maana kitanda kilikaa mshazari. Nilimuuliza Mama Chen kile kidole kinaelekea wapi, ingawa nilishajua.

"Bei," akasema. "Kaskazini."

Kaskazini. Pale Guangzhou ni makosa, kama nilivyokosea mimi hotelini siku tatu. Lakini kule kwenye mahandaki yetu, sindano ya dira inapoelekea, Makka ndipo ilipo. Liang hakujua Makka ni nini. Alijua tu rafiki yake anataka kulazwa hivi, uso pale, na amekuwa akilala hivyo mwenyewe kila mchana ili asisahau, mpaka aje mtu wa kuuliza.

Nilipiga magoti nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto, alhamdulillahi.

Tuliondoka umeme uliporudi. Mlangoni aliniita tena.

"Saidi nje?"

"Saidi amelala, mzee," nikamwambia. "Kibla iko."

Akaitika kwa kichwa, akalifungua bati.

Nilipita tena kwenye ule ukumbi wa plasta, hapakuwa na njia nyingine. Mlinzi alikuwa ameokota kikombe nilichokiangusha na kukirudisha mahali pake. Yule wa mwavuli alikuwa bado anatazama mlangoni.

Nyumbani

Njia ya kurudi haina habari, masinia mmeyaona. Nilifika Dar alasiri, nikaenda kwa mama kabla ya kuoga. Alinisikiliza ameelekeza sikio, maana macho hayamsaidii, na kila kitu alikiuliza mara mbili.

"Kichwa?"

"Mashariki."

"Uso?"

"Kaskazini, mama. Alipima."

"Sanda?"

"Shuka mbili za Mchina, nyeupe. Alizitoa kitandani kwake."

"Na mkono?"

"Chini ya shavu."

Hakulia. Aliuliza tu kama mzee alivila visheti, nikasema alikula, akasema vilikuwa na iliki nyingi mno. Kisha akataka nimwache alale. Nilimwacha, nikiwa nimevunjika moyo kidogo, nisiwafiche. Nilitegemea zaidi.

Asubuhi yake nilimpelekea chai. Mlango ulikuwa umerudishwa. Nilisimama na birika mkononi.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, mama."

Nilisikia kitanda kinalia, mtu anageuka upande. Nikaita mara ya tatu.

"Karibu," akasema mama. "Mlango hauna meno."